Sketi Fupi, Kesi Ndefu: Nusu Karne ya Kumkamata Mvaaji na Kumwacha Muuzaji

Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ulitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 1969 vimini, mawigi, krimu za kujichubua, suruali za kubana na magauni mafupi havingeruhusiwa tena kuvaliwa wala kutumiwa. Kampeni ikaitwa Operesheni Vijana. Siku yenyewe haijafika, tayari makundi ya vijana wa kiume yalikuwa yameanza operesheni yao: Kariakoo, kwenye vituo vya mabasi, wasichana waliovaa nguo fupi walizomewa, wakateremshwa kwenye mabasi kwa nguvu, na wengine wakachaniwa nguo. Polisi ilibidi waingilie kati.

Magazeti yalijaa barua na mashairi. Wako waliosema vimini ni ukoloni uliorudi kwa mlango wa nyuma. Wengine wakajibu kwamba suti na tai nazo hazikuzaliwa Unyamwezini. Ila shabaha ya marufuku ilikuwa moja: mvaaji. Aliyeiagiza nguo, aliyeishona na aliyeitundika dukani hawakuwamo kwenye orodha.

Mtindo huo haukufa na TANU. Mzazi wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, anayenung'unika leo akiona nguo wanazovalishwa watoto wa kike, vitopu vya tumbo wazi, kaptula za kuishia pajani, fulana zenye maneno ya kimapenzi kifuani mwa mtoto wa darasa la tatu, ameurithi. Swali lake la kwanza huwa: "Huyu mtoto wa nani?" Ni nadra kuuliza nguo ile imeuzwa na nani.

Milima ya Usambara imejuana na nguo za biashara kwa muda mrefu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipopanda hadi Vuga mwaka 1848 kumwona mfalme wa Wasambaa, Kimweri ye Nyumbai, nguo za kutoka pwani zilikuwa tayari alama ya cheo. Merikani, iliyofumwa huko Marekani, na kaniki zilipanda mlima mabegani mwa wapagazi, nazo pembe za ndovu zikateremka. Kimweri alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alijenga nguvu zake Mazinde, tambarare chini ya mlima, karibu na njia ya misafara, kwa sababu aliyeishika njia ile alishika nguo na bunduki. Mwaka 1891 wamisionari wa Bethel walifungua kituo Mlalo, na kanisa na shule vikaleta gauni na sare. Uislamu uliopanda kutoka Pangani na Tanga ulileta kanzu, kofia na baibui. Kanga iliingia nyumba zote bila kuuliza dini.

Katika dunia hiyo, muuzaji alikuwa na sura na jina. Nguo ya mtoto ilikatwa na fundi cherehani aliyekaa barazani mwa duka, mita zake zikapimwa mbele ya mama. Fundi akikata fupi, gauni lilirudi kwake siku hiyohiyo, na mtaa mzima ukasikia. Hapakuhitajika sheria. Fundi alikuwa na wateja wa kupoteza, na mama alijua pa kwenda kulalamika.

Operesheni Vijana ilikuja wakati ambapo serikali yenyewe ilikuwa imeingia dukani. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967 kampuni kubwa za uagizaji zilitaifishwa na likaundwa Shirika la Biashara la Taifa. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Dola lililokuwa na mkono kwenye uagizaji na kwenye viwanda lingeweza kuanzia bohari. Badala yake kazi wakapewa vijana wa kupima mapaja barabarani. Na katika kipindi hichohicho, huko Arusha, Wamasai walikuwa wakishinikizwa waache lubega na wavae suruali. Msichana wa Dar es Salaam alikosa kwa kuiga Ulaya, mzee wa Kimasai akakosa kwa kukataa kuiga.

Tena, aliyekuwa akizungumziwa mwaka 1968 alikuwa mwanamke na msichana mkubwa. Mtoto hakuwa hoja. Miaka miwili baada ya operesheni kuanza, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na hata wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama. Sketi yake ilionekana hatari kwa taifa, ndoa yake haikuonekana hivyo. Ilichukua hadi 2016 kwa Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kutamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na 2019 kwa Mahakama ya Rufani kuutupa upinzani wa serikali.

Majirani walifuata njia ileile ya kumkamata mvaaji. Idi Amin alipiga marufuku vimini Uganda mwaka 1972, na Malawi ya Kamuzu Banda ikatunga sheria ya mavazi mwaka 1973. Uganda ikarudia mwaka 2014 kwa Sheria ya Kupinga Ponografia. Mara baada ya sheria hiyo kusainiwa, wanawake wakavuliwa nguo na wanaume mitaani, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikavifuta vifungu vyake vikuu. Kenya, Novemba 2014, wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani, na mwezi uliofuata Bunge likafanya kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwa kosa la kifungo kisichopungua miaka 10. Na hapa nyumbani, Dodoma, Juni 2021, mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa bungeni kwa sababu ya suruali. Ukiacha sheria ya Kenya, kote huko anayehukumiwa ni aliyeivaa nguo.

Katikati ya marufuku hizo, biashara yenyewe ilikuwa imegeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo ziliadimika, watu wakipanga foleni kwa kipande cha kitambaa, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akawaandama walanguzi. Bajeti ya 1984 ikaruhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mlango wa mitumba ukafunguka. Viwanda vya ndani vikayumba. Mabinti waliokulia Usambara miaka ya 1990 walivaa mitumba, au "kafa Ulaya" kama ilivyoitwa, kuanzia sweta hadi soksi.

Hadi leo malori yanayoteremsha kabichi, karoti na plamu kwenye kona za Lushoto, Soni na Mombo hukutana njiani na magari yanayopandisha belo za nguo zilizonunuliwa Karume, Dar es Salaam, au soko la Memorial, Moshi. Tazama belo la nguo za watoto linavyofunguliwa gulioni. Mikanda inakatwa kwa kisu, mzigo unavimba na kumwagika juu ya turubai, na wanunuzi wa jumla wanainama kwanza kuchagua zile kali kabla hazijapigwa mnada. Sweta na makoti huondoka mapema, maana Lushoto iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na Julai baridi haina mzaha. Kinachobaki ndicho kinachofika kwenye lundo la bei ya kutupa: vigauni vya kamba, taiti, vitopu. Mama anashika kimoja, anakiweka mgongoni mwa binti yake, anapima kwa jicho. Lebo ya ndani imeandika umri, au haikuandika. Nani anaisoma?

Na hapa kuna jambo ambalo kelele za maadili hulipita. Nguo nyingi za aina hiyo hazikukusudiwa mtoto tangu mwanzo. Kitopu cha mwanamke mwembamba wa Ulaya, saizi ndogo kabisa, kinamkaa sawasawa binti wa darasa la sita wa Lukozi. Dukani kwao kilitundikwa upande wa watu wazima. Kwenye lundo la gulio hakuna upande.

Huko nguo zinakotoka, wazazi waliamua kumfuata muuzaji. Mwaka 2002 kampuni ya Abercrombie & Fitch ya Marekani iliondoa chupi za kamba zilizoandikwa maneno ya kimapenzi, zilizolengwa kwa wasichana wadogo, baada ya wazazi kuja juu. Uingereza, mwaka 2010, mtandao wa wazazi wa Mumsnet ulianzisha kampeni ya kuwataka wenye maduka waahidi kutouza nguo zinazomfanya mtoto aonekane chombo cha tamaa. Aprili mwaka huohuo Primark iliondoa bikini zenye sidiria ya sponji zilizouzwa kwa wasichana wa kuanzia miaka saba, ikaomba radhi na kusema faida itakwenda kwa shirika la watoto. Serikali ikampa kazi ya uchunguzi Reg Bailey, mtendaji mkuu wa Umoja wa Akina Mama wa Kanisa la Anglikana, umoja uleule wenye matawi hata kwenye parokia za Tanga. Ripoti yake ilitoka Juni 2011, na chama cha wauza rejareja kikatoa mwongozo wa nguo za watoto: ukataji, vitambaa, maneno, hata sidiria za kwanza.

Kampeni hizo zilikuwa na kasoro zake. Mwongozo ule ni wa hiari, na wapo waliouliza nani ampimie mwingine adabu ya mtoto wake. Lakini katika sakata lote la bikini hizo, hakuna msichana wa miaka saba aliyesimamishwa njiani akachaniwa nguo. Aliyetakiwa kujieleza alikuwa mtu mzima mwenye faida mfukoni.

Je, mbinu hiyo inafaa Lushoto? Haiwezi kunakiliwa ilivyo. Muuza belo hakuchagua kilichomo. Amenunua mzigo uliofungwa na naye hubahatisha kama mnunuzi wake. Kuzuia mitumba yote kumejaribiwa pia. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia bila ushuru, Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 ikapoteza nafuu ya kuuza nguo zake huko. Na mama wa Bumbuli anayemvisha mtoto kwa fedha ya maharage hana duka jingine.

Hata hivyo mnyororo una watu wanaojulikana. Muagizaji wa makontena ana leseni na anajua belo za watoto zimechambuliwa wapi na nani. Anaweza kudai zichambuliwe upya. Shirika la Viwango Tanzania limekwisha kupiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za afya, kwa hiyo hoja ya kwamba belo halikaguliki haina mashiko. Mwenye meza gulioni anaweza kutenga lundo la watoto na la wakubwa, kazi ya dakika chache kila asubuhi. Na fundi cherehani bado yupo: kigauni kinachoachia mgongo hupata kipande cha kitenge, kikarudi kuwa nguo ya mtoto.

Kazi hizo zinahitaji mtu wa kuzidai, na wa kudaiwa si binti anayepita akielekea kisimani. Halmashauri hukusanya ushuru kwenye meza za gulio. Haiwezi kusema haimjui muuzaji.