Shinkolobwe na maneno yake: nani atatamka?

LIKASI – Jina la Shinkolobwe halikuandikwa sikuzote kama leo. Katika nyaraka za zamani linaonekana pia kama Chinkolobwe. Kila mwandishi aliliandika kwa sikio lake. Leo mtu mwenye kompyuta na intaneti anaweza kutengeneza kwa siku chache programu ndogo ya kutafsiri na kutamka maneno. Lakini kabla hajaanza inafaa aulize: itatamka kwa mdomo wa nani? Katanga ina historia ndefu ya swali hilo.

Urani iligunduliwa Shinkolobwe, karibu kilomita 20 kutoka Likasi, mwaka 1915. Kampuni ya Union Minière ikaanza kuchimba mwaka 1921. Wakati wa ukoloni mji wa Likasi ulikuja kuitwa Jadotville. Wafanyakazi wa migodi ya Katanga walitoka pande nyingi: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda na Burundi, pamoja na wenyeji. Miaka ya kwanza, mabwana wengi waliotoka kusini waliagiza kazi kwa lugha ya mchanganyiko ya migodi ya Afrika Kusini. Wabelgiji hawakupenda Waingereza wawe na nguvu katika koloni lao, na hiyo ni sababu moja iliyofanya Kiswahili kipewe nafasi kazini na shuleni. Mtaalamu Johannes Fabian aliieleza habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, kinachohusu miaka ya 1880 hadi 1938.

Fabian alichunguza pia vijitabu vya maneno walivyopewa Wazungu: upande mmoja Kifaransa, upande wa pili Kiswahili. Alikuta vimejaa amri, za aina ya njoo, lete, beba. Bwana alifundishwa kuagiza. Maneno ambayo mfanyakazi angeyahitaji ili aulize yalipata nafasi ndogo.

Hapa Shinkolobwe jambo hilo lilikuwa zito. Mwaka 1940 mkurugenzi Edgar Sengier alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe ya mgodi huu. Jeshi la Marekani likayanunua mwaka 1942, na mwaka 1945 bomu likaanguka Hiroshima. Mambo hayo yalikuwa siri ya vita. Mchimbaji aliweza kuzijua amri zote za siku bila kujua jiwe alilobeba litafanya nini.

Mwaka 1965 sauti ya upande wa pili ilisikika. André Yav aliandika historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Aliiita «Vocabulaire», neno la Kifaransa lenye maana ya orodha ya maneno, ingawa ni historia. Aliandika Kiswahili kama kinavyosemwa Katanga, na mara nyingi hakutenganisha maneno kama vitabu vya shule vinavyotaka. Fabian alipotaka kukielewa kijitabu hicho, macho peke yake hayakutosha. Kalundi Mango, mtu wa Katanga, alikisoma kwa sauti, sauti ikarekodiwa, na tafsiri ikafuata. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1990.

Mtengenezaji wa programu apate funzo hapo: sauti itangulie, tafsiri ifuate. Kazi yenyewe si ngumu. Inahitajika orodha yenye neno la Kifaransa, neno la Katanga, neno la Kiswahili sanifu, sentensi ya mfano na faili la sauti. Msomaji anabonyeza, anasikia. Faili fupi zinaweza kuhifadhiwa kwenye simu ili zifanye kazi hata pasipo na intaneti.

Hatari iko kwenye njia ya mkato. Kompyuta zina sauti za Kiswahili zilizotengenezwa tayari, lakini zile za kawaida ni za Kenya na Tanzania. Zitasema «mtu» na «watoto». Likasi watu husema «mutu» na «batoto». Mtoto akisikia kila siku kwamba mashine haisemi kama mama yake, ataamini mama amekosea. Hata katika orodha ya kimataifa ya lugha, Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc.

Tena neno moja kwa neno moja halitoshi. Mgodi ulifungwa karibu na uhuru wa mwaka 1960, lakini baadaye wachimbaji wa mikono waliingia kutafuta kobalti. Mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku uchimbaji huo, na Julai mwaka huo shimo likaporomoka, watu wakafa. Umoja wa Mataifa ulituma wataalamu kuchunguza hatari ya mashimo na ya mionzi. Programu ikiandika «mionzi» tu, mtu atafikiria mionzi ya jua, ambayo anaiona na kuisikia ngozini. Hii ya urani haionekani wala haina joto la kumwonya. Inahitaji sentensi nzima, isomwe na mtu wa Likasi, kwa Kiswahili cha Likasi.

Vijitabu vya zamani vilifundisha kusema «beba». Orodha mpya ianze na swali ambalo mbebaji alistahili kujibiwa: jiwe hili ni nini?