Kutoka Thika hadi Rugerero: Historia ya Fikra za Usanifu katika Biashara na Nafasi ya Lugha ya Mteja

Utangulizi

Neno usanifu lina historia mbili katika Kiswahili. Ya kwanza tunaifahamu sote: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaisimamia kazi hiyo. Uamuzi ulitoka juu, wasemaji wakaupokea. Historia ya pili ni changa zaidi: usanifu kama mbinu ya kuunda bidhaa na kuendesha biashara kwa kuanza na mtumiaji. Miongoni mwa machimbuko yake ni kitabu cha Herbert Simon cha mwaka 1969, na kampuni ya IDEO, iliyoundwa Marekani mwaka 1991, iliieneza sana. Hatua zake ni tano: kumwelewa mtumiaji, kulibainisha tatizo, kubuni suluhisho, kuunda kielelezo na kukijaribu. Makala haya yanadai kwamba historia hizi mbili zinakutana, na pengine kugongana, katika maeneo ya mpakani kama Rugerero.

Funzo la jaribio la 2005

Mfano ulio karibu nasi ni M-Pesa. Mnamo Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone, kwa msaada wa fedha kutoka serikali ya Uingereza, zilianza jaribio Nairobi na Thika pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Huduma ilikusudiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo. Wateja, ambao walikuwa takriban 500, waliipa kazi nyingine: walitumiana fedha wao kwa wao, wakawatumia jamaa walio mbali, wakalipana katika biashara. Waandaaji wangeweza kuyaita hayo matumizi mabaya. Badala yake waliyachunguza, wakalipunguza wazo la awali, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa rasmi Kenya ikiwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Kwa hiyo mteja hakuwa mpokeaji tu wa bidhaa. Alikuwa msanifu mwenza.

Rugerero na soko la mpakani

Tarafa ya Rugerero, wilayani Rubavu, ni jirani ya mji wa Gisenyi. Katika mji huo, tarehe 20 Septemba 1976, Rwanda, Burundi na Zaire zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Lakini biashara ya kila siku haikuendeshwa na mkataba peke yake. Katika kivuko cha Petite Barrière, wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake, wamevusha mboga, matunda na maziwa kuelekea Goma, wakirekebisha mzigo, bei na maneno kulingana na mnunuzi. Mpaka ulipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko-19, ilibidi wajikusanye katika vikundi na kupakia bidhaa zao pamoja lorini. Walikuwa wakiunda kielelezo na kukijaribu, ingawa hakuna aliyewatajia istilahi hiyo.

Lugha ilikuwa sehemu ya usanifu huo. Upande mmoja fedha ni amafaranga. Upande wa pili, katika Kiswahili cha Kongo, ni feza au falanga. Katika simu iliyosanifiwa Nairobi ni pesa. Mchuuzi huyavuka maneno hayo kama anavyouvuka mpaka. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mwaka 2022 Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Fomu, menyu za simu na mafunzo ya biashara kwa Kiswahili vinatarajiwa kuongezeka. Swali ni hili: vitasanifiwa kwa njia ya 1930 au ya 2005?

Hitimisho

Hatupendekezi Kiswahili Sanifu kiachwe. Bila hicho hata makala haya yasingesomeka kutoka Zanzibar hadi Bukavu. Tunapendekeza kwamba kila fomu isomwe kwanza na mchuuzi wa Rugerero kabla ya kupigwa chapa, na pale anaposita, fomu ndiyo irekebishwe. Usikivu huo hautaufungua mpaka uliofungwa na wenye mamlaka. Utahakikisha tu kwamba mpaka ukifunguka, lugha haitakuwa kizuizi cha pili.