Riba Ilipopinduka Nchini Kenya

Askari wa doria hafungi macho mbele ya nyayo ngeni mpakani. Uchumi nao huacha nyayo zake, na mwishoni mwa mwaka 2011 zilionekana katika nchi jirani ya Kenya.

Kwa desturi, anayeikopesha Serikali kwa muda mrefu hulipwa riba kubwa kuliko anayeikopesha kwa muda mfupi, maana katika miaka 20 mengi huweza kutokea kuliko katika siku 91. Desturi hiyo ilipinduka.

Mwaka huo ulikuwa mgumu. Ukame uliikumba Pembe ya Afrika, bei za chakula na mafuta zikapanda, na mwezi Oktoba Dola moja ya Marekani ikafikia takriban Shilingi 107 za Kenya. Mwezi huo huo majeshi ya Kenya yaliingia Somalia kupambana na Al-Shabaab. Ilipofika Novemba, mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 20.

Benki Kuu ya Kenya ikachukua hatua kali. Riba yake, iliyokuwa asilimia 7 mwezi Septemba, ilipandishwa hadi 11, kisha 16.5, na mwezi Desemba ikafika 18. Mwanzoni mwa mwaka 2012 riba ya dhamana za siku 91 ilivuka asilimia 20, huku ile ya hatifungani za miaka mingi ikibaki chini yake.

Sababu ni kwamba wenye fedha waliamini dhiki hiyo ingepita. Wakakubali riba ndogo zaidi, mradi waipate kwa miaka mingi kabla riba zote hazijashuka. Hawakukosea. Mwezi Julai 2012 Benki Kuu ilianza kupunguza riba yake, na kufikia Desemba mfumuko wa bei ulikuwa umeteremka hadi kiasi cha asilimia 3.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na gharama. Wastani wa riba za mikopo ya mabenki ulifikia karibu asilimia 20. Mfanyakazi aliyekopa kwa riba inayobadilika aliona makato yakiongezeka, au muda wa kulipa ukirefushwa, ilhali mshahara ni ule ule.

Uchumi wa Kenya haukuanguka, uliendelea kukua. Kupinduka kwa riba, basi, si hukumu bali ni tahadhari. Askari anayetia saini fomu ya mkopo hana budi kuuliza kwanza: je, riba hii imefungwa, au hubadilika?