Kupendekeza vikao kuhusu haki za mtandao: kisa cha mlinzi wa Doha

Miezi kadhaa kabla ya mikutano mikubwa ya kutetea uhuru wa intaneti, waandaaji hutoa mwaliko kwa umma kupendekeza vikao. Jukwaa la Uhuru wa Intaneti Afrika, lililoanzishwa mwaka 2014 na taasisi ya CIPESA yenye makao yake Kampala, ni mojawapo. Jukwaa hilo lilikutana Dar es Salaam mwaka 2023, Dakar mwaka 2024 na Windhoek mwaka 2025. Anayependekeza hutakiwa kueleza mada, sababu ya kuijadili, wazungumzaji na matokeo anayoyatarajia.

Mapendekezo ya Afrika Mashariki aghalabu huhusu kuzimwa kwa intaneti wakati wa uchaguzi, na si ajabu: Uganda ilifanya hivyo Januari 2021 na tena Januari 2026, Tanzania Oktoba 2025. Wanaosahaulika ni Waafrika Mashariki wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba, ambao simu ya mkononi ndiyo njia yao pekee ya kusema yanayowasibu. Anayetaka kuwaombea nafasi hana haja ya kutafuta mfano mbali.

Mlinzi aliyeandika

Malcolm Bidali, raia wa Kenya, alikuwa mlinzi mjini Doha. Kwa jina la kubuni la Noah aliandika kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji: saa za kazi, vyumba vilivyosongamana, mishahara. Maandishi yake yalichapishwa, miongoni mwa kwingine, na Migrant-Rights, shirika linalofuatilia hali ya wahamiaji katika Ghuba.

Tarehe 26 Aprili 2021 alizungumza kwa njia ya mtandao mbele ya mashirika ya kiraia na vyama vya wafanyakazi. Punde baadaye alitumiwa kiungo cha kutilia shaka kupitia Twitter. Uchunguzi wa Amnesty International na maabara ya Citizen Lab ya Toronto ulionyesha kwamba kiungo hicho kingeweza kunasa anwani ya intaneti ya kifaa chake, na hivyo kusaidia kumtambua.

Usiku wa Mei 4 alikamatwa katika makazi ya wafanyakazi. Alizuiliwa kwa takriban mwezi mmoja, akiwekwa peke yake. Serikali ya Qatar ilisema ameshitakiwa kwa kupokea malipo kutoka kwa wakala wa kigeni ili kueneza habari za upotoshaji. Mwezi Julai alitozwa faini ya riyali 25,000 chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2014. Kima cha chini cha mshahara nchini humo, kilichoanza kutumika Machi mwaka huo, kilikuwa riyali 1,000 kwa mwezi. Bidali aliondoka Qatar mwezi Agosti.

Haijathibitishwa kwamba mkutano ule ndio uliomponza. Hata hivyo, mfuatano wa tarehe unatosha kumtia wasiwasi mwandaaji yeyote.

Swali moja, si kumi

Pendekezo lenye kichwa cha "fursa na changamoto" halisemi lolote, na wasomaji wa mapendekezo hulijua kwa harufu. Kisa cha Doha kinatoa maswali yanayojibika. Kwa mfano: ibara ya "habari za uongo" aliyotumiwa Bidali ina ndugu zake nyumbani, katika sheria ya makosa ya mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya kama ilivyopitishwa mwaka 2018. Je, serikali yenye ibara kama hiyo itakuwa na kauli gani mbele ya Qatar raia wake anapokamatwa? Hicho ni kikao kizima, na kiti cha ubalozi kisiachwe tupu.

Kikao cha pili chaweza kuwaita wanaotoa mafunzo ya kabla ya safari, kuuliza kama msafiri huambiwa lolote kuhusu sheria za mtandao za nchi aendayo.

Usalama wa msemaji uandikwe ndani ya pendekezo lenyewe, si kuachiwa fundi wa mitambo siku ya mkutano. Atakayezungumza akiwa bado Ghuba asitangazwe kwa jina wala picha, na maelezo ya mwajiri wake yasitajwe. Kikao kisirekodiwe. Afadhali ushuhuda wake usomwe na mtu mwingine, au asubiriwe hadi atakapokuwa amerejea nyumbani. Waandaaji watakaodai orodha kamili ya majina kwa ajili ya ratiba waelezwe mapema kwamba nafasi moja itabaki wazi, na sababu yake.