Matamshi ya majina ya mahali, Tarime na Serengeti

Matamshi ya majina ya mahali katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ni namna majina yaliyotoka katika Kikurya, Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kimaasai na lugha nyingine za wenyeji yanavyotamkwa na wasemaji wa Kiswahili, Kijerumani na Kiingereza. Mengi ya majina hayo yalisikiwa na mgeni kupitia kwa mgeni mwingine kabla ya kuandikwa kwenye ramani. Kusini mwa Rasi ya Iberia kuna historia ya aina hiyo: Jabal Tariq, yaani jabali la Tariq, liligeuka Gibraltar. Wahispania hulianza kwa sauti inayokaribia kh, ilhali Waingereza hulianza kwa j, na kwa bahati tu wakawa karibu zaidi na Waarabu waliolitoa jina hilo.

Serengeti

Ndilo jina la Mara linalojulikana zaidi duniani. Chimbuko lake ni neno la Kimaasai siringet, lenye maana ya nchi tambarare inayoendelea bila kikomo. Neno hilo huishia kwa konsonanti t. Kiswahili hupenda silabi ziishie kwa irabu, hivyo likapata i ya mwisho, na mkazo ukaangukia silabi ya pili kutoka mwisho: se-re-NGE-ti. Ng hapa ni ile ya ngoma, wala si ya ng'ombe.

Miongoni mwa Wazungu wa kwanza kupita huko ni Mwaustria Oscar Baumann, katika safari yake ya miaka ya 1891 hadi 1893, ambayo aliichapishia kitabu mwaka 1894. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Wilaya nayo inaitwa Serengeti, makao makuu yake yakiwa Mugumu.

Wasemaji wa Kiingereza huweka mkazo pale pale unapowekwa na Waswahili, jambo linalowafanya wengi waamini kuwa wanalitamka sawasawa. Tofauti imo katika mambo madogo. Hugawanya ng katikati, n ikafunga silabi ya pili na g ikafungua ya tatu: se-ren-ge-ti. E ya pili hufifia, kwa kuwa Kiingereza hudhoofisha irabu isiyo na mkazo. R yao haipigi ulimi kwenye ufizi. Wamarekani huilainisha t iliyo kati ya irabu mbili, hata sikio la Mswahili likasikia Serengedi. Wajerumani wana lao: katika lugha yao s inayotangulia irabu mwanzoni mwa neno hutamkwa z, kwa hiyo husema Zerengeti. Matamshi hayo yalipata nguvu kubwa kutokana na filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael ya mwaka 1959, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Kwa Wajerumani wengi jina hilo liliingia nyumbani kupitia filamu hiyo.

Sauti za Kikurya

Kikurya kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Kati ya i na e ya Kiswahili ipo e nyingine, iliyobana. Kati ya u na o ipo o iliyobana vilevile. Karani aliyezoea irabu tano alilazimika kuchagua, na kila karani alichagua lake. Hii ni sababu mojawapo ya kabila moja la Wilaya ya Serengeti kuandikwa Ngoreme, Ngurimi, Nguruimi na hata Ngruimi. Kijiji cha Robanda katika eneo la Ikoma huandikwa pia Rubanda. Hakuna aliyekosea kwa uzembe. Herufi zenyewe hazikutosha.

Kikurya hakina l ya asili. Mkurya mzee anayesema kura akimaanisha kula huchekwa mijini, na kicheko hicho ni cha kutojua: anatumia r kwa sababu ndiyo sauti ambayo lugha yake inayo. Waandishi wa kigeni walifanya kinyume, wakaandika Bakulia mahali pa Abakuria. Leo Tanzania huandika zaidi Kurya, Kenya huandika Kuria.

B ya Kikurya haifungi midomo. Midomo husogeleana, hewa ikapita katikati, kama mtu anayepuliza kwa upole huku akitoa sauti. Mgeni anayesoma Kebanchabancha, jina la kata ya Wilaya ya Serengeti, hufunga midomo kabisa kwa b zote mbili. G nayo hulegea vivyo hivyo. Kikurya pia ni lugha ya toni, na toni hizo hupotea jina linapopewa mkazo wa Kiswahili.

Nyamongo, mji wa machimbo ya dhahabu wilayani Tarime, ulianza kutajwa mno katika habari za nje baada ya mgodi wa North Mara kuanza uzalishaji mwaka 2002. Ny mwanzoni mwa neno huwashinda wasemaji wengi wa Kiingereza. Huitenganisha ikawa ni-ya.

Mito na viwanja vya ndege

Grumeti, mto na pori la akiba lililotangazwa mwaka 1994, hutamkwa na wenyeji Gurumeti. Kogatende, kwenye uwanja wa ndege ndogo kaskazini mwa hifadhi, hupoteza e yake ya mwisho kwa wageni, ikawa i au ei. Jina la mto Mara halimpi mtu taabu.

Hali ya sasa

Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Mjini Musoma, shirika la SIL limefanya kazi ya kuandaa tahajia za lugha kadhaa za mkoa. Tahajia za majina ya mahali hazijafuata kazi hizo. Kasoro iliyo rahisi kuliko zote kurekebishwa ni ya ritifaa, ambayo huachwa mara nyingi na kuigeuza ng' ya ng'ombe kuwa ng ya ngoma. Wanaoandika vibao, fomu na ramani wanaombwa waandike Gorong'a, Ring'wani na Rung'abure, kwa ritifaa.