Kwa nini mtoto mwenye pumu ya ngozi haachi kujikuna?

Kama unalea mtoto mwenye pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu, huenda unaijua sauti ya kucha kwenye ngozi saa nane za usiku. Unamshika mikono, anatulia kidogo, kisha anaanza tena akiwa usingizini. Asubuhi shuka lina madoa ya damu. Wazazi wengi hudhani mtoto ni mbishi au amezoea vibaya. Sivyo. Ndani ya ngozi yake mishipa ya fahamu na seli za kinga zinachokozana, na yeye hana uwezo wa kuziamulia.

Kinachotokea chini ya ngozi

Ngozi yenye afya ni kama ukuta uliopigwa plasta vizuri. Huzuia maji ya mwili yasipotee, na huzuia vumbi, sabuni na vijidudu visipenye. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi ukuta huu una nyufa. Mara nyingi ni jambo la kurithi, ndiyo maana utakuta ndugu mmoja ana ukurutu, mwingine pumu ya kifua, na mwingine mafua ya mzio. Ugonjwa huu hauambukizi, kwa hiyo usikubali mtoto atengwe na wenzake.

Vitu vikipenya kwenye nyufa hizo, seli za kinga huamka na kumwaga kemikali. Baadhi ya kemikali hizo, zikiwemo zinazoitwa interlukini 4, 13 na 31, hugusa moja kwa moja ncha za mishipa ya fahamu iliyomo kwenye ngozi. Mishipa hiyo hupeleka habari kwenye ubongo kwamba panawasha, na mtoto anajikuna.

Lakini mishipa ya fahamu si matarishi tu wa kupeleka habari. Nayo ina kemikali zake. Ikichokozwa na kucha, huzimwaga palepale kwenye ngozi, na hizo huamsha seli za kinga ziitwazo masti, ambazo hukaa jirani na mishipa hiyo zikiwa zimebeba histamini na vitu vingine vya kuleta uvimbe. Ngozi inavimba, mishipa inachokozwa upya, mtoto anajikuna zaidi. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh nchini Marekani walilionyesha hili kwa panya: waliozuiwa kujikuna walivimba kidogo kuliko waliojikuna, ingawa wote walipakwa kitu kilekile cha kuleta mzio.

Bakteria nao wamo. Aina moja ya stafilokokasi hupenda kukaa kwenye ngozi yenye ukurutu. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard waligundua, pia kwa panya, kwamba bakteria huyu hutoa kimeng'enya kinachowasha mishipa ya fahamu moja kwa moja, bila kusubiri seli za kinga.

Usiku mambo huwa mabaya zaidi. Ngozi hupata joto chini ya shuka, hupoteza maji mengi, na homoni ya mwili inayotuliza uvimbe hupungua. Tena hakuna mchezo wa kumsahaulisha mtoto.

Mbona dawa ya mzio haikusaidia?

Swali hili tunaulizwa sana. Piriton, setirizini na dawa za jamii hiyo huzuia histamini. Kwa mafua ya mzio na vipele vya ghafla zinafaa. Kwenye ukurutu, histamini ni kemikali moja tu kati ya nyingi, na muwasho mwingi hupita njia nyingine. Zile zinazoleta usingizi zitamlaza mtoto, lakini ngozi inabaki ilivyo.

Kinachosaidia ni kuziba nyufa na kutuliza uvimbe wenyewe. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, yanatosha na si ghali. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, kwa dakika chache, bila dodoki wala sabuni kali. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, kisha mpake mafuta mara moja ngozi ikiwa bado na unyevu. Rudia kupaka angalau mara moja zaidi kwa siku, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Hapo ndipo wengi wetu huteleza.

Sehemu zilizovimba huhitaji krimu ya steroidi aliyoandikiwa na mhudumu wa afya, kwa mtoto mara nyingi haidrokotisoni. Krimu iliyokamuliwa kuanzia ncha ya kidole cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Wapo akina mama wanaoiogopa na kupaka kidogo mno, ugonjwa ukaendelea. Wapo pia wanaouziwa dukani krimu yenye clobetasol, ambayo ni steroidi kali sana, na wengine huitumia kujichubua. Hiyo usimpake mtoto bila daktari.

Kata kucha zake na mvalishe nguo laini za pamba. Badala ya kumfokea akijikuna, mpe kitambaa chenye maji ya baridi aweke panapowasha. Hofu na huzuni nazo huchochea mishipa ileile.

Usisubiri wekundu. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe huonekana kama weusi uliokolea, rangi ya kijivu au zambarau, au vipele vidogo vidogo vya kukwaruza ukipapasa.

Mpeleke kituo cha afya ikiwa ngozi inatoa usaha au maji ya njano, au ikiwa hakuna nafuu baada ya wiki moja au mbili za kufuata matibabu. Ukiona malengelenge madogo yaliyokusanyika pamoja, au vidonda vya duara vinavyofanana, hasa kama mtoto ana homa na maumivu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa virusi vya hepesi vimeingia kwenye ukurutu, na vinahitaji dawa haraka.