Vyombo Vilikuwa vya Nani?
Safari ya fedha za umma katika muziki na sanaa za Tanzania, kutoka mshahara hadi mkopo

Anayetaka kujua serikali ya Tanzania imewahi kuwapa nini wasanii wake asianze na vitabu vya bajeti. Aanze na swali ambalo wanamuziki wa dansi wa Dar es Salaam wameulizana kwa miongo mingi kila bendi mpya inapozaliwa: vyombo ni vya nani? Gitaa la solo, besi, tarumbeta, ngoma na vipaza sauti vina mwenyewe, na mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Katika swali hilo moja imo historia nzima ya fedha za umma katika sanaa zetu.

Kabla ya uhuru jibu lilikuwa rahisi. Vyombo vilikuwa vya chama. Dar es Salaam Jazz, iliyoanza mwaka 1932, na Morogoro Jazz ya mwaka 1944, zilikuwa vikundi vya wanachama waliochangishana fedha, kama vilivyofanya vilabu vya mpira. Mpigaji alikuwa na kazi yake ya mchana, bandarini, ofisini au kwa fundi, na muziki ulisubiri jioni. Serikali ya kikoloni haikumlipa mtu kwa sababu anajua kupuliza tarumbeta ukumbini.

Wizara yaja na matarajio

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya kabisa, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika mabadiliko yote aliyoyafanya serikalini wakati ule, hilo alilihesabu kuwa kubwa. Hoja yake ilikuwa kwamba ukoloni uliwafundisha Waafrika kuzidharau ngoma zao, na taifa lisilo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu tu.

Matunda ya kwanza yalikuwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Wachezaji walichukuliwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi, wakaletwa mjini na kulipwa kama watumishi wa serikali. Mwaka 1965 vijana walipelekwa China kujifunza sarakasi, na waliporudi mwaka 1969 nchi ikapata kikundi cha taifa cha sarakasi. Kikundi cha maigizo kilifuata mwaka 1974.

Fedha hizo zilikuja na masharti yake, hata kama hayakuandikwa. Ngoma iliyochezwa kijijini usiku kucha, kwa sababu ya mavuno au jando, ilibidi iishe kwa dakika chache mbele ya mgeni wa taifa uwanja wa ndege. Watazamaji waliozoea kuingia wenyewe uwanjani kucheza sasa walisimama pembeni wakipiga makofi. Idara ya utamaduni nayo haikukaa mahali pamoja. Kwa miaka mingi ilihamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine kama mpangaji asiyepatana na wenye nyumba, na kila ilipohama fungu lake lilibaki dogo.

Mwajiri mwenye bendi

Fedha nyingi za umma hazikupita wizarani. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa na mahali pake kikaundwa kwa sheria chama kimoja, NUTA, chini ya mbawa za TANU, chama tawala. Mwaka huohuo NUTA ikaanzisha bendi, NUTA Jazz. Vyombo vilikuwa vya chama, na wapigaji wakawa waajiriwa wanaopokea mshahara kila mwezi. Miongoni mwao alikuwa kijana mwimbaji, Muhidin Maalim Gurumo.

Mfano huo ukaenea. Polisi walikuwa na bendi yao, Jeshi la Wananchi likawa na Mwenge Jazz, Jeshi la Kujenga Taifa likawa na Kimulimuli. Umoja wa Vijana wa TANU ukaanzisha Vijana Jazz. Mwaka 1970 kiwanda cha nguo cha Urafiki kikapata Urafiki Jazz, iliyoitangaza khanga na vitenge vya kiwanda kwa gitaa. Shirika la Bima likawa na Bima Lee. Mwaka 1978 Gurumo na wenzake kadhaa waliondoka NUTA, iliyokuwa sasa ikiitwa JUWATA, wakaanzisha Mlimani Park Orchestra chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS. Shirika hilo lilipoanguka mwaka 1983, bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na jina likawa DDC Mlimani Park. Mashabiki waliiita kwa mtindo wake tu: Sikinde. Mahasimu wao wa JUWATA walikuwa Msondo.

Kwa hiyo msomaji asidanganyike na udogo wa fungu la utamaduni katika bajeti za miaka hiyo. Ruzuku ilikuwapo, ila ilikaa katika hesabu za viwanda, mashirika na vyama, mahali ambapo hakuna aliyeiita ruzuku. Mkono mtupu haulambwi, na mashirika yalikuwa na kitu mkononi. Kwa malipo hayo, bendi ziliimba kuhusu Azimio la Arusha, kilimo na umoja pale zilipotakiwa. Lakini ni kosa kudhani zote zilikuwa kipaza sauti cha chama. Nyimbo nyingi zilizopendwa zilihusu mapenzi, ndoa, wivu, mawifi na umaskini wa mjini. Mshahara wa shirika ulimpa mtunzi muda wa kuyatazama maisha ya jirani yake.

Kitu ambacho mshahara haukumpa ni mali. Nchi haikuwa na kiwanda cha sahani za santuri, na kurekodi kulifanyika zaidi Radio Tanzania, redio ya serikali. Kanda zilibaki maktaba ya redio. Mwimbaji aliisikia sauti yake nchi nzima, asubuhi na jioni, akiwa hana hata nakala yake. Na alipoachana na mwajiri, vyombo vilibaki nyuma.

Mlango unafungwa

Miaka ya 1980 iliukaba mfumo huu taratibu. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliyaacha mashirika mengi yakipumua kwa shida. Nyuzi za gitaa na spika zilitoka nje, na fedha za kigeni zilikuwa za dawa na mafuta kwanza. Vikundi vya taifa vilivunjwa, na mwaka 1981 kikazaliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Serikali ikawa imeamua kufundisha wasanii badala ya kuwaajiri. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaundwa kwa sheria ya mwaka 1984, likiwa na jukumu kubwa la kusimamia sanaa na mfuko mwembamba wa kuzikuza.

Wafanyabiashara nao waliiona nafasi. Mwaka 1985 Hugo Kisima aliwavuta Gurumo na wanamuziki wengine wa Sikinde kwenye bendi yake, Orchestra Safari Sound. Mwaka uliofuata nchi iliafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika muongo wa 1990 mashirika yakabinafsishwa au kufungwa. Bendi nyingi zilikufa pamoja na waajiri wao. Msondo iliendelea, sasa ikiishi kwa kiingilio cha mlangoni.

Pengo hilo lilizibwa na wafadhili. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilitamka kwamba sanaa ni jukumu la jamii yote, na mwishoni mwa muongo huo Mfuko wa Utamaduni ukaanza kutoa ruzuku kwa fedha zilizotoka zaidi Sweden. Ukumbi wa Chuo cha Bagamoyo ulipoungua mwaka 2002, wafadhili wa Skandinavia ndio waliosaidia kuujenga upya. Zanzibar, tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004 lilijipatia jina duniani, lakini mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu fedha hazikutosha. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Gari la Gurumo

Mwaka 2013 Gurumo alitangaza kustaafu, baada ya karibu nusu karne jukwaani, sehemu kubwa yake akiwa mwajiriwa wa chama na mashirika ya umma. Ilipojulikana kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki gari, alipata moja. Halikutoka kwa chama wala shirika. Alizawadiwa na Diamond Platnumz, kijana wa kizazi kilichokulia kwenye studio na redio za watu binafsi. Gurumo alifariki mwaka uliofuata.

Kisa hicho kilisimuliwa kama cha ukarimu, na ukarimu ulikuwapo. Lakini kilikuwa pia hesabu ya mwisho ya mfumo wa kwanza: ulimlisha msanii akiwa kazini, ukamwacha bila kitu alipotoka.

Mfumo wa sasa umegeuza kibao. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi kuwa mwenye kazi yake, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, uliofufuliwa katika miaka ya karibuni, hutoa mikopo kupitia benki. Wimbo sasa una mwenyewe. Lakini mkopo si mshahara. Zamani ukumbi ulipokosa watu, NUTA ilibeba hasara. Leo hasara ni ya aliyetia saini. Anayekopesheka kwa urahisi ni yule aliyekwisha kuuza, wakati mpiga ngoma wa Bagamoyo, au mzee wa bendi anayetaka kumrithisha kijana mapigo ya Sikinde, hana biashara ya kumwonyesha afisa wa mikopo.

Hata hivyo, huyo mzee akikopa na kurejesha, zile spika na lile gitaa vitakuwa vyake. Gurumo, kwa miaka yake yote NUTA, hakuwahi kulisema hilo kuhusu chombo hata kimoja.